Mlango wa Pili: Historia Fupi ya Waliomalizia Sekondari Nje ya Shule

Ndugu wanafunzi wa zamani,

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike historia ya shule yetu kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu. Nilikubali, kisha nikaona kwamba historia hiyo imekwisha andikwa mara nyingi katika kurasa hizi. Wakuu wa shule wametajwa, mabweni yametajwa, na vikombe vya mpira vimehesabiwa kimoja kimoja. Kwa hiyo naomba radhi kwake na kwenu, kwani nimechagua kueleza habari za wale ambao historia zetu huwaruka, yaani wenzetu walioanza nasi lakini hawakumaliza nasi.

Sababu yangu ni hii. Katika mkutano mmoja uliopita nilikuwa miongoni mwa wanakamati tuliokaa mezani langoni, tukipokea watu na kutia alama majina. Akaja mwenzetu mmoja akaaye Mabawa, ambaye kidato cha pili nilikaa naye dawati moja. Jina lake silitaji, kwani hakunituma nimsemee. Nilitafuta jina lake katika orodha ya waliomaliza 1982 nisilione. Nikamwambia, kwa mzaha tu, "Bwana, wewe humu humo." Akacheka, akatuaga kwa adabu, akarudi alikotoka. Usiku ule pilau ya mkutano haikunishuka vizuri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyeipa orodha ile uwezo wa kusema nani mwenzetu na nani si mwenzetu.

Watu husema juu ya mji wetu, "Tanga, waja leo waondoka leo." Katika rejista ya shule msemo huo ulikuwa kweli kabisa. Tazameni picha yetu ya kidato cha kwanza, kisha mtazame ile ya kidato cha nne, mtaona mapengo. Swali ambalo hatukuuliza ni wapi walikwenda wale walioacha mapengo hayo, na je, kulikuwa na mlango mwingine wa wao kupitia?

Mlango mwembamba

Hapana budi tuanze mbali kidogo. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa hapa Tanga mapema katika miaka ya 1890, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika koloni lao la Afrika Mashariki. Walitaka makarani, wakalimani, walimu na watu wa kuwasaidia katika utawala. Shule ya namna hiyo haikuwa na haja ya watoto wote, kwani viti vya darasani vilipimwa kwa meza za ofisini. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walibadili bendera na lugha ya ofisi, lakini kipimo kile hawakukibadili sana.

Mtu aliyetaka zaidi ya alichopewa ilimbidi ajisomeshe mwenyewe. Mfano tulio nao karibu ni wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, huko Machui, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akaingia kazini kuwa karani wa forodha, na elimu yake iliyobaki aliipata kwa kusoma vitabu na kuandika nje ya saa za kazi. Vitabu vyake vimesomwa katika sekondari, lakini yeye hakupata kukaa katika sekondari kama tulivyokaa sisi.

Tulipopata Uhuru 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176. Hesabu hizo alizitoa Mwalimu Nyerere mwenyewe katika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Akaongeza kwamba mwaka ule wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefika 25,000. Ongezeko lilikuwa kubwa, lakini akakiri pia kwamba kama 13 tu katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya kuendelea. Hao 87 waliobaki hawakuwa wajinga wala wavivu. Nafasi ndizo zilizokwisha.

Ngumbaru na taa ya karabai

Serikali haikuwasahau waliobaki nje, ila iliwaanza walio wazee zaidi. Idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Makerere ilikuwa imefungua tawi lake Dar es Salaam 1960, na tawi hilo ndilo lililokuja kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye TANU ikaazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Taasisi yenyewe ikapewa sheria yake mwaka huo huo wa 1975.

Sote tunayakumbuka madarasa ya ngumbaru. Jioni ilipoingia, madarasa ya watoto yaligeuka kuwa ya mama zao, na karabai ilitundikwa penye boriti. Wengine wetu tulifundisha humo tukiwa bado wanafunzi. Redio nayo ilifanya kazi yake, kwani kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu vijijini kwa vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hesabu zasema kwamba mwaka 1967 zaidi ya watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma, na kufikia 1986 idadi hiyo ilikuwa chini ya mmoja katika kila kumi.

Lakini ngumbaru ilimfikisha mtu kwenye kusoma barua na kutia sahihi. Kijana aliyeachia masomo kidato cha pili au cha tatu hakuwa na haja ya kufundishwa irabu. Alihitaji cheti cha kidato cha nne, kwani bila cheti hicho hakuna chuo cha ualimu, hakuna uuguzi, wala ukarani. Huyu alihitaji mlango wa namna nyingine.

Masomo ya posta

Mlango huo kwanza ulikuwa sanduku la posta. Kabla ya Uhuru na miaka michache baadaye, makarani na walimu wa Tanga waliagiza masomo kutoka vyuo vya nje kama vile Wolsey Hall cha Oxford na Rapid Results College cha London. Malipo yalikuwa kwa fedha za kigeni na mitihani ilikuwa ya Uingereza, hivyo waliomudu ni wale waliokwisha pata mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa msaada wa Sweden, ikaanzisha masomo ya posta ya taifa. Vijitabu vilichapwa Dar es Salaam, mwanafunzi akajibu mazoezi na kuyatuma, na baada ya wiki kadhaa yakamrudia yakiwa na wino mwekundu.

Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo kijana aliyesomea nyumbani aliweza kujiandikisha kufanya mtihani ule ule wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Karatasi ni moja na wasahihishaji ni wale wale. Kinachotofautisha ni herufi moja tu. Namba ya kituo cha shule huanza kwa S, na ya kituo cha watahiniwa wa kujitegemea huanza kwa P. Nawaomba muikumbuke herufi hiyo ya P, kwani ndiyo iliyomfungia mwenzetu lango letu.

Mwenzetu wa Mabawa

Ada ya sekondari ilifutwa 1964, na kwa hiyo sisi wa miaka ile hatukulipa. Watu hudhani kwamba kwa sababu hiyo hakuna aliyeondoka kwa umaskini. Baba wa mwenzetu huyu alikuwa mkata mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka mkoa wetu. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, mashamba yakadhoofu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 nchi haikutoa hata tani 40,000. Baba yake aliugua akafa 1981, tukiwa kidato cha tatu, akaacha mjane na watoto wadogo wanne. Shule ilikuwa bure, lakini unga haukuwa bure. Mtoto wa kwanza akatoka darasani, akaenda bandarini kupakua mizigo kutoka kwenye matishari, kwani wakati huo meli kubwa zilitia nanga mbali.

Haya yaliyofuata aliniambia mwenyewe, nilipokwenda Mabawa kumwomba radhi. Tulikaa barazani kwake, mke wake akatuletea kahawa, naye akanieleza bila kinyongo. Alipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, akawa anasoma kwa chemli kuanzia saa mbili usiku, baada ya kazi. Vijitabu vya posta vilikuwa vizuri, alisema, lakini kijitabu hakijibu ukikiuliza. Kwa hisabati alimfuata mwalimu mmoja mstaafu, akamlipa kwa samaki. Wenzake bandarini walimwita Profesa kwa kumdhihaki. Zamu za usiku zilipomwangukia alikaa wiki mbili bila kufungua kitabu, kisha akaanza upya. Alifanya mtihani akapata masomo matatu, mwaka uliofuata akaongeza mawili, na hisabati ikamkataa mara mbili. Mara ya tatu alipata. Fizikia na kemia hakuzigusa kabisa, kwa sababu mitihani ya vitendo yataka maabara, na maabara zilikuwa ndani ya shule, nyuma ya malango kama letu.

Nilimwuliza ni kitu gani kilichomsaidia zaidi. Akajibu kwamba ni kuruhusiwa kufanya masomo mawili leo na mawili mwakani. "Shuleni," alisema, "ukianguka umeanguka na vyote." Alipata cheti chake, akasomea ualimu, na amestaafu akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Sisi tulimaliza kwa kengele na chakula cha bweni, naye akamaliza kwa bega lake. Ndiye niliyemwambia kwamba humu hamo.

Walivyozidi kuwa wengi

Msidhani kwamba mambo hayo yaliishia miaka yetu. Azimio la Musoma la 1974 liliitaka nchi iwape watoto wote elimu ya msingi ifikapo 1977, na shule za msingi zikajaa. Sekondari hazikuongezwa kwa kasi hiyo, na katikati ya miaka ya 1980 ada ya sekondari ikarudishwa. Shule za watu binafsi na za wazazi zikaongezeka, na madarasa ya jioni, yale ambayo vijana huyaita tuisheni, yakaota kila mtaa.

Mwaka 2004 ulianza mpango wa kujenga sekondari kila kata. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima aliweza kutembea kwa miguu hadi sekondari, na jambo hilo nalisifu. Lakini majengo yalitangulia walimu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wamepata daraja sifuri. Baadaye matokeo hayo yalifutwa na kupangwa upya, wengi wakapanda. Hata hivyo umati mkubwa wa vijana ulibaki mitaani, wenye miaka 17 au 18, wasio na cheti. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tena mwanzoni mwa 2016, lakini yule aliyekwisha toka hakurudishwa na kufutwa kwa ada.

Kwa vijana hao njia imekuwa ile ile ya mwenzetu, ila sasa imetengenezwa vizuri zaidi. Ambaye hakufikia mwisho wa sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, uitwao kwa kifupi QT, na akifaulu huruhusiwa kuufanya wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwapangia masomo kwa hatua, kidato cha kwanza na cha pili vikiwa hatua moja, na cha tatu na cha nne hatua nyingine, ili mtu mzima asipoteze miaka minne. Hakuna sare, hakuna gwaride la asubuhi, na saa za masomo hufuata saa za kazi.

Mabinti

Jarida hili ni la wavulana wa zamani, lakini tuna binti na wajukuu, nao ndio waliofungiwa mlango kwa nguvu zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na kanuni za 2002 zikatoa nafasi ya kumfukuza kwa makosa ya maadili na kwa kuolewa. Juni 2017, akihutubia Chalinze, Rais Magufuli alisema wazi kwamba katika utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shule. Ng'ambo ya mkondo, ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wamekwisha anza kuwaruhusu kurudi tangu 2010.

Katika miaka hiyo kilichobaki kwa wasichana wa Bara ni mlango wa pili. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa 1975 kwa mfano wa vyuo vya watu vya Sweden, viliwapokea mama vijana pamoja na watoto wao. Mama akawa anasoma, na mtoto akawa analelewa pale pale chuoni. Jambo hilo laonekana dogo, lakini mzazi yeyote aelewa kwamba bila mahali pa kumweka mtoto hakuna somo linaloingia kichwani. Machi 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa mradi wa kuboresha sekondari uitwao SEQUIP, na sehemu ya mradi huo ni kuimarisha masomo ya walio nje ya shule. Kisha tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana waliojifungua na wengine waliokatiza masomo waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukafuata.

Basi sasa milango ni miwili kwa sheria, nami nafurahi. Lakini msichana mwenye mtoto mchanga, au mvulana awezaye kupata vibarua mchana tu, bado atauhitaji ule wa jioni. Hata mataifa tajiri yameona hivyo. Marekani ilitunga mtihani wake wa watu wa nje ya shule, uitwao GED, mwaka 1942, kwa ajili ya askari walioacha shule wakaenda vitani, nao ukabaki kuwa wa raia wote. Uingereza ilianzisha Chuo Kikuu Huria 1969, na sisi tukakipata chetu kwa sheria ya 1992.

Tufanye nini sisi?

Katika historia hii yote naona jambo moja likijirudia. Wanaoacha shule hawaachi kwa kutopenda kusoma. Huacha kwa sababu shule ina saa moja tu ya kuingia, umri mmoja, na namna moja ya kuishi, na maisha yao hayakulingana na hiyo. Waliposaidiwa, walisaidiwa na mambo ya kawaida kabisa, yaani saa za jioni, masomo machache kwa wakati, mwalimu wa kumwuliza, na mahali pa kumlaza mtoto. Waliposhindwa, mara nyingi walishindwa kwa upweke na kwa kukosa maabara.

Shule yetu ina madarasa ambayo baada ya saa kumi jioni hayana mtu isipokuwa mlinzi. Ina maabara ambayo chama chetu kilichangia kuikarabati, na Jumamosi hufungwa kwa kufuli. Kutoka langoni hadi Mabawa ni mwendo wa miguu. Miongoni mwetu wamo walimu wastaafu wa hisabati, fizikia na Kiingereza, ambao jioni hukaa barazani wakicheza bao. Napendekeza kamati iombe ruhusa kwa mkuu wa shule na kwa ofisi ya elimu ya watu wazima, ili madarasa mawili yafunguliwe jioni tatu kwa wiki na maabara ifunguliwe Jumamosi, kwa vijana wa mtaani wanaojiandaa kwa QT na kwa kidato cha nne. Fedha za mkutano mmoja tu, tukipunguza mahema na muziki, zatosha kuanzia chaki, umeme na nauli za walimu. Mabinti wenye watoto watengewe chumba na mtu wa kuwaangalilia.

Pendekezo langu la pili halina gharama. Orodha ya wanachama wetu iandikwe upya kwa rejista ya kidato cha kwanza, wala si kwa orodha ya waliomaliza. Aliyeingia lango lile akavaa kaptura ile, akala maharage yale, ni mwenzetu, cheti chake kiwe na S au P, au asiwe na cheti kabisa. Najua wapo watakaosema kwamba tunashusha heshima ya shule. Nawaomba wapande hadi Mabawa wakae barazani nilipokaa mimi, kisha waniambie ni nani kati yetu na yule mzee aliyeipenda shule zaidi.

Mwaka huu nimeomba nikae tena mezani langoni. Nimemwalika mwenzetu kwa barua niliyoipeleka kwa mkono. Hakuniahidi kuja. Alisema ataangalia. Akija, jina lake nimekwisha liandika kwa kalamu yangu mwenyewe, mahali pake, baina ya majina mawili mnayoyajua.

Wasalaam,
Mwenzenu wa 1982